Klabu ya Vitabu ya Wastaafu wa Chuo Kikuu: Namna ya Kuianzisha na Kuidumisha

Mtu anapostaafu chuo kikuu, mengi humtoka kwa mpigo. Ofisi anakabidhiwa mwingine, nyumba ya chuo inarudishwa, na aliyeishi Mlimani miaka mingi anajikuta Goba, Madale au Kibamba, kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo, makasha ya vitabu yakiwa yamerundikwa chumba cha wageni. Majirani ni watu wema, ila hawakumjua akiwa kazini. Wale aliozoea kunywa nao chai ya saa nne wametawanyika, na siku hizi huonana misibani tu, wakiulizana hali kwa haraka kabla ya kwenda makaburini. Klabu ya vitabu ni njia nzuri ya kuwakutanisha watu hao wakiwa bado wazima. Gharama yake ni ndogo, haihitaji kibali cha mtu, na inawapa jambo la kuzungumza lililo nje ya magonjwa na pensheni.

Mwongozo huu ni wako wewe uliyestaafu chuo kikuu, uwe ulikuwa mhadhiri, mkutubi, dereva au karani wa masijala. Nawafikiria zaidi wastaafu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa kuwa wapo wa vizazi kadhaa: chuo kilianza Oktoba 1961 kikiwa na Kitivo cha Sheria na wanafunzi 14, kikahamia Mlimani mwaka 1964, na kikawa chuo kikuu kinachojitegemea mwaka 1970. Walioajiriwa miaka hiyo ya mwanzo ni wazee wa miaka themanini na kitu sasa. Waliostaafu juzi ni wanafunzi wa wanafunzi wao. Hata hivyo, mtu wa Sokoine, Muhimbili, Makerere au Nairobi ataona kuwa mambo ni yale yale.

Isiwe klabu ya maprofesa

Kila aliyefanya kazi chuoni anajua kuwa kuna makundi mawili: wanataaluma na waendeshaji. Wanataaluma wana chama chao, UDASA, waendeshaji wana chama chao, THTU, na hata chai kila kundi lilikuwa na mahali lilipozoea kuinywea. Watu wamefanya kazi jengo moja miaka thelathini, wakisalimiana kila asubuhi, bila hata siku moja kukaa meza moja wakazungumza kama watu wazima wawili. Kustaafu kunafuta sababu zote za utengano huo. Kwa hiyo uamuzi wa kwanza, na kwa maoni yangu ndio mkubwa kuliko yote, ni kwamba klabu iwe ya pande zote mbili tangu siku ya kwanza. Mkianza na wanataaluma peke yao mkisema wengine mtawaongeza baadaye, hao wengine hawatakuja. Watahisi wamealikwa kwenye shughuli ya watu.

Sisemi hivi kwa ajili ya kuonyesha huruma. Nasema kwa sababu mazungumzo yanakuwa bora zaidi. Fikiria katibu muhtasi aliyechapa tasnifu za idara nzima kwa taipureta, ukurasa kwa ukurasa, pamoja na mitihani kwenye stensili. Amesoma kazi nyingi kuliko walimu wengi wa idara ile, tena kwa makini, maana herufi moja ikikosewa alirudia. Mkutubi anajua kitabu gani kiliazimwa hadi jalada likachanika na kipi kilikaa rafuni bila kuguswa. Dereva aliyewapeleka watafiti Rufiji na Ukerewe aliongea na wanavijiji huku mtafiti akijaza hojaji. Msimamizi wa bweni aliwaona wanafunzi usiku, wakati mhadhiri aliwaona mchana tu. Mkisoma riwaya inayomhusu binti aliyeharibikiwa akiwa masomoni, ni nani kati ya hawa ana la kusema?

Na fasihi yenyewe haikuandikwa na wasomi wa vyuo vikuu peke yao. Shaaban Robert alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, miaka mingi katika Idara ya Forodha. Aniceti Kitereza wa Ukerewe aliandika riwaya yake kwa Kikerewe akaimaliza mwaka 1945, akaitafsiri mwenyewe kwa Kiswahili, na ikachapishwa miaka 35 hivi baadaye. Hakuwahi kufundisha chuo kikuu chochote. Mtu anayedhani kwamba kitabu ni mali ya mwenye shahada ya uzamivu akumbuke majina hayo mawili.

Andika majina kumi na sita, nusu wanataaluma, nusu waendeshaji, wanaume kwa wanawake. Wapigie simu mmoja mmoja. Usitume ujumbe wa jumla, kwa sababu mstaafu hupokea mialiko ya michango kila siku na wako utadhaniwa ni huo huo. Kati ya kumi na sita watakuja kumi hivi, na kumi wanatosha. Wakizidi kumi na wawili, kuna watakaoondoka bila kufungua mdomo. Wajane na wagane wa wafanyakazi wenzenu nao waalikeni: wengi waliishi maisha ya chuo sawasawa na walioajiriwa, na baada ya mwenza kufariki, simu za kutoka chuoni zilikatika.

Cheo kinavyoua mazungumzo

Hapa nitakaa kidogo, maana klabu nyingi za namna hii hufia hapa. Tuseme mmechagua Kinjeketile, tamthilia ya Ebrahim Hussein iliyochapishwa mwaka 1969, inayohusu Vita vya Maji Maji. Mnakaa. Profesa mstaafu wa historia anaanza kuzungumza. Anaeleza habari za 1905 hadi 1907, kilimo cha pamba, Wajerumani, tofauti kati ya Kinjeketile wa historia na yule wa jukwaani. Kila anachosema ni kweli na kinavutia. Baada ya dakika ishirini na tano ananyamaza, na hakuna mwenye la kuongeza. Aliyekuwa fundi sanifu wa maabara, ambaye babu yake alitoka Umatumbi na aliyekuja na kisa alichosimuliwa utotoni, anafunga kitabu chake. Mkutano ujao ana udhuru.

Profesa hakufanya ubaya wowote. Alifanya kazi aliyoifanya maisha yake yote. Ndiyo sababu msitegemee busara ya mtu, wekeni utaratibu. Mimi nashauri huu: kila mkutano uanze kwa mzunguko, kila mmoja azungumze dakika mbili juu ya jambo moja lililomgusa kitabuni, bila kujibiwa wala kukatizwa. Mada ikiwa inahusu fani ya mtu, huyo azungumze mwisho. Mwanahistoria awe wa mwisho kwenye Kinjeketile, mwanasheria awe wa mwisho kwenye kitabu chenye kesi. Akisubiri, atakuwa ameshasikia wenzake wanataka kujua nini, na maneno yake yatawafaa zaidi.

Mwongozaji abadilike kila mkutano, na mikutano miwili ya mwanzo iongozwe na waendeshaji. Msichague mwenyekiti. Mwenyekiti huzaa makamu, makamu huzaa kamati, na kabla ya mwaka kuisha mtakuwa na katiba yenye vifungu arobaini na hamjasoma kitabu cha pili. Mnahitaji mratibu mmoja tu wa kukumbusha tarehe na kurasa.

Kuhusu kuitana, wengi wenu mlianza kazi wakati neno “ndugu” lilikuwa neno la kila ofisi. Lirudisheni. Ndugu Fulani, basi, bila Profesa wala Dokta. Shikamoo ibaki palepale, maana umri si cheo, na kijana wa miaka sitini na mmoja hawezi kumpita mzee wa themanini bila kumwamkia. Wapo watakaoona vigumu kumwita ndugu mtu aliyekuwa mkuu wa idara yao. Wasilazimishwe, “Mzee” au “Mama” inatosha hadi wazoee.

Lugha ya mazungumzo iwe Kiswahili, hata kitabu kikiwa cha Kiingereza. Mwaka wa kwanza someni vya Kiswahili tu. Kamusi ya Kiswahili Sanifu iwepo mezani. Toleo lake la kwanza, la 1981, lilitoka hapohapo Mlimani, kwenye Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili, na huenda mmoja wenu aliifanyia kazi. Ubishi juu ya maana ya neno ukiisha kwa kufungua ukurasa, mnaokoa nusu saa.

Mwanze na kitabu gani

Anzeni na Rosa Mistika ya Euphrase Kezilahabi. Ilitoka mwaka 1971, ikakatazwa mashuleni kwa muda, na watu wa umri wenu ama waliisoma kwa kujificha ama waliwanyang’anya watoto wao. Si ndefu. Mwandishi alisoma na kufundisha chuo hichohicho, kwa hiyo kuna watakaomkumbuka akipita kwenye ukumbi wa jengo. Zaidi ya yote, inawahusu wazazi. Zakaria anamlea bintiye Rosa kwa fimbo na kufuli, anampiga kwa sababu ya barua ya mvulana, na binti anapofika mahali pasipo na fimbo hajui kujilinda. Mkiwa vijana mlisoma kitabu hiki upande wa Rosa. Sasa mmeshalea, mmeshaoza mabinti, wengine mna wajukuu wa umri wa Rosa. Mtakisoma upande wa Zakaria, na kitawachoma.

Maswali ya kuongozea myatunge kwa uangalifu. Mwalimu mstaafu akiachiwa ataandika: “Jadili dhamira kuu katika riwaya hii kwa kutoa mifano.” Huo ni mtihani, na hakuna mstaafu anayetaka kufanya mtihani. Ulizeni hivi: Zakaria angefanya nini tofauti, kwa umaskini ule na Ukerewe ile? Ni wapi kitabuni ulitaka kumkatiza mtu maneno? Kuna mtu humu anayekukumbusha mtu unayemjua, bila kumtaja jina? Swali zuri ni lile ambalo mwenye digrii tatu na aliyeishia darasa la nane wanalijibu kwa usawa. Matatu yanatosha kwa mkutano mzima.

Baada ya hapo njia ni pana. Vuta N’kuvute ya Adam Shafi, ya mwaka 1999, inawafaa kwa sababu Amil Shivji aliifanyia filamu iliyotoka 2021. Mwezi mmoja someni, mwezi wa pili tazameni pamoja, mbishane kuhusu Yasmin wa kitabuni na Yasmin wa kwenye skrini. Peponi ni riwaya ya Abdulrazak Gurnah, mshindi wa Tuzo ya Nobeli ya mwaka 2021. Aliiandika kwa Kiingereza ikatoka 1994, na tafsiri ya Kiswahili ya Ida Hadjivayanis ilichapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Waliosoma ya Kiingereza zamani na wanaoisoma sasa kwa Kiswahili watakuwa na mengi ya kulinganisha, hasa mazungumzo ya wafanyabiashara, ambayo kwa Kiswahili yamerudi nyumbani.

Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka ya Kitereza ni ndefu. Itengeeni miezi ya masika, Machi hadi Mei, barabara za Goba na Madale zikiwa matope na mkutano mmoja ukiwa hauna budi kuahirishwa. Msikose ukurasa wowote unaoeleza pombe inavyopikwa, mgonjwa anavyotibiwa, mkwe anavyopokelewa. Wasomaji wenye haraka huruka kurasa hizo, lakini nyinyi haraka ya nini?

Tamthilia zina faida ambayo riwaya haina: zinasomwa kwa sauti hapohapo. Gaweni wahusika, kila mmoja asome maneno yake. Mabepari wa Venisi, tafsiri ya Mwalimu Nyerere ya mwaka 1969, husomeka hivyo vizuri sana, na mtu aliyenyamaza mikutano mitatu utamwona anang’aa akiwa Shailoki. Ushairi nao hivyohivyo. Al-Inkishafi au Utendi wa Mwana Kupona hauhitaji mtu awe amejiandaa nyumbani, kwa hiyo ni akiba nzuri kwa mwezi ambao wengi waliuguza au walisafiri.

Vitabu vya kumbukumbu visiachwe. Kile cha Shaaban Robert, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, huwafanya watu watake kuandika ya kwao. Mtu akileta kurasa tatu za maisha yake kazini, zisomwe. Historia ya chuo kilivyoendeshwa, migomo ya wanafunzi, miaka ya uhaba wa karatasi na sukari, iko vichwani mwa watu hawa, na sehemu kubwa haijaandikwa popote.

Macho, masikio na siku ya kukutana

Katika kundi la watu kumi wa umri huu, hamkosi mwenye mtoto wa jicho, mwenye presha ya macho na asiyesikia vizuri sikio moja. Kaeni duara, karibu, mahali pasipo na luninga wala feni ya kelele. Baraza la nyumba ya mtu linafaa kuliko ukumbi. Asiyesikia vizuri akae mbele ya dirisha, mgongo wake ukiwa kwenye mwanga, ili aone midomo ya wanaoongea. Kitabu chenye herufi ndogo kisomwe kwa taa ya mezani, na anayeshindwa kabisa arekodiwe sura kwa simu na mwenzake mwenye sauti nzuri. Kurekodi sura moja kwa ajili ya ndugu asiyeona ni kazi ya nusu saa, na anayerekodi huishia kukielewa kitabu kuliko wote. Na kama mtu hajapima macho miaka mitano, mwambieni aende. Mara nyingine anayesema “siku hizi sipendi kusoma” anahitaji miwani tu.

Siku hizi Jumamosi ni ya misiba na harusi, Jumapili ni ya kanisani, Ijumaa ina sala. Kutaneni katikati ya wiki, saa nne asubuhi, wakati daladala na mwendokasi vimepungua watu na mzee anapata kiti. Jumatano ya kwanza baada ya pensheni kuingia ni siku njema. Mkutano mmoja kwa mwezi unatosha. Kitabu cha kurasa mia mbili ni kurasa nane kwa siku, na kinaisha kabla ya siku ya kukutana. Nusu saa ya kwanza ni ya habari: nani anaumwa, nani amepata mjukuu, uhakiki wa wastaafu umefikia wapi. Msiizuie nusu saa hiyo, ila ikiisha, iishe. Malalamiko ya mafao yana haki yake, lakini yakiruhusiwa yatameza kitabu kila mwezi.

Fedha na chakula

Nunueni nakala kwa pamoja, mkiomba punguzo kwa mchapishaji. Mnunuzi wa nakala kumi husikilizwa. Watu wawili wanaweza kushiriki nakala moja, mmoja akianza mwanzo wa mwezi. Msitoe fotokopi kitabu kizima. Mwandishi wa Kiswahili hupata kidogo mno kwa kazi yake, na huenda ni mwenzenu.

Chakula kiwe chai ya tangawizi, isiyo na sukari kwa wenye kisukari, pamoja na mihogo au karanga. Kaeni imara kwenye hili. Mwenyeji mmoja akipika pilau, wa mwezi ujao ataongeza kuku, wa tatu atakopa, na wa nne atasema nyumba yake ina ukarabati. Waliostaafu na kiinua mgongo kikubwa na waliostaafu na kidogo wako pamoja kwenye baraza hilo, na wasipimwe kwa sahani.

Mtashawishika pia kuigeuza klabu kuwa mfuko wa kufa na kuzikana. Mfuko huo ni jambo jema, lakini muanzishe mbali, na daftari lake. Aliyeshindwa kuchangia rambirambi huona aibu kurudi, na kwa aibu hiyo mtampoteza msomaji. Kundi la WhatsApp nalo libaki la tarehe, kurasa na taarifa za ugonjwa. Video za kusambazwa ziende kwingine.

Mwenzenu akilazwa au akishindwa kutoka nyumbani, wawili waende na kitabu cha mwezi, wamsomee. Ni tofauti na ziara ya kumjulia hali, ambapo mgonjwa hulazimika kusimulia ugonjwa wake upya kwa kila mgeni. Akisomewa sura moja, anapata kitu cha kufikiri mkiondoka. Na mwenzenu akifariki, baada ya arobaini au wakati familia itakapokuwa tayari, jitoleeni kupanga vitabu vyake. Watoto wengi hawajui kilichomo ndani ya makasha yale, na maktaba ya miaka arobaini huishia kuuzwa kwa kilo. Nyinyi mtajua kipi kiende maktaba ya chuo, kipi kinafaa shule ya kata, na karatasi zipi za mkono zisitupwe kamwe.

Miezi mitatu ya kwanza itayumba. Watu watasahau siku, watakuja hawajasoma, mmoja atanuna. Msikiahirishe kikao hata mkiwa wanne. Someni kwa sauti kurasa kumi za mwanzo, mnywe chai, mpange siku nyingine. Mwezi wa nne huwa watu wameshazoeana.

Basi, ndugu mstaafu, chukua simu leo. Kama ulikuwa mwanataaluma, mpigie kwanza mwendeshaji mmoja uliyefanya naye kazi. Kama ulikuwa mwendeshaji, mpigie mhadhiri aliyekuwa akikusalimia kwa jina. Mwulize kama bado anasoma, kisha mpe Rosa Mistika mwezi mmoja.